Pikipiki moja ya kazini na ya safari: namna ya kuichagua na kuishi nayo

Naishi Mbezi Mwisho, Dar es Salaam, na kazi yangu iko Posta, katikati ya jiji. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 50, siku tano kwa wiki. Mara moja au mbili kwa mwaka pikipiki hiyo hiyo hunipeleka nyumbani Iringa, karibu kilomita 500 kwenda tu. Ni Boxer BM 150. Watu wakisikia hucheka: "Hiyo ya bodaboda?" Ndiyo, hiyo ya bodaboda.

Wengi wanaoanza hununua pikipiki ya safari ya Desemba, halafu wanateseka nayo miezi kumi na moja ya foleni. Wewe chagua pikipiki ya Jumatatu asubuhi. Safari ya Desemba utaipanga iendane nayo, na nitaeleza namna.

1. Andika njia zako kabla ya kwenda dukani

Chukua daftari, kwa wiki moja andika kila unakopita: kilomita ngapi, lami kiasi gani, vumbi kiasi gani, unapakia nani, unabeba nini, na pikipiki italala wapi. Hilo la kulala watu hulisahau. Kama geti lenu ni jembamba na ndani kuna ngazi tatu, utaisukuma juu ya ngazi hizo kila usiku, umechoka, labda mvua inanyesha. Pikipiki ya kilo 180 utaichukia ndani ya mwezi.

Daftari likijaa, wengi mtajikuta mnahitaji injini ya cc 125 hadi 150. Hapo kuna familia mbili. Ya kwanza ni pikipiki za lami za kawaida, kama Boxer na TVS HLX: siti iko chini, matumizi ya mafuta ni madogo, na kila fundi chini ya mwembe anaijua. Ya pili ni zile ndefu za njia mbaya, kama Honda XR 150L na Yamaha XTZ 125: shokapu ndefu, tairi la mbele kubwa, siti juu karibu sentimita 82 hadi 84. Kama nyumbani kwako ni Goba ndani ndani ambako masika barabara hugeuka mfereji, familia ya pili ina maana. Kama ni lami mlango kwa mlango, utalipia urefu usiouhitaji, na kwenye foleni utasimama kwa ncha za vidole.

Skuta ni tamu mjini ila tairi zake ndogo huzama kwenye kila shimo. Pikipiki za umeme zinazoonekana sasa Dar, Nairobi na Kigali ni nzuri kwa mizunguko ya mjini. Kwa safari ya kilomita 500 bado sipo huko.

Kabla ya kulipa hata senti, fanya jaribio hili. Nenda Kariakoo, pita maduka matatu ya spea, ulizia vitu vinne vya pikipiki unayoitaka: kebo ya klachi, breki shuu au padi, plagi, na seti ya cheni na sproketi. Wakikutolea hapo hapo, endelea. Wakikuambia "hiyo mpaka tuagize", fikiria tena, maana kebo ya klachi haikatiki Kariakoo. Inakatika Doma, njiani kati ya Morogoro na Mikumi, saa tisa alasiri.

2. Ikalie, isukume, irudishe nyuma

Muuzaji atakuhimiza uisikilize injini. Wewe anza kwa kuikalia ikiwa imezimwa. Miguu yote miwili ifike chini, walau nusu ya nyayo. Kunja usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia, uone kama mkono wa mbali bado unashika vizuri. Shuka, isukume mbele, kisha irudishe nyuma ukiwa umesimama pembeni yake. Muombe mtu akae nyuma yako na usikie uzito unavyobadilika. Dakika kumi za namna hiyo hukueleza mambo ambayo karatasi ya matangazo haina.

Chagua yenye kiki na selfu (kitufe cha kuwashia). Betri ikifa, kiki itakurudisha nyumbani.

3. Mpya au ya mkononi

Uwezo ukiwepo, nunua mpya. Pikipiki nyingi zinazouzwa mkononi zimetoka kwenye mkataba wa bodaboda. Kijana aliendesha saa kumi na nne kwa siku akimpelekea bosi hesabu, mkataba ukaisha, pikipiki ikaoshwa, ikapigwa rangi kwenye tenki, ikavishwa siti mpya. Mita ya kilomita usiihesabu kabisa, kebo yake hukatika mapema na hakuna anayeirudishia. Tazama vitu ambavyo watu husahau kubadilisha: mpira wa pegi ya dereva (pale anapokanyagia), ncha ya pedeli ya gia, mpira wa mshikio wa mkono wa kulia. Vikiwa vimelika na mita inasema kilomita 9,000, unadanganywa.

Kama ya mkononi ndiyo uwezo wako, nenda asubuhi bila kutaja saa, na kitu cha kwanza gusa injini. Ikiwa ya moto, muuzaji ameiwasha kabla hujafika ili kuficha shida ya kuwaka. Mwambie mtaisubiri ipoe. Kisha:

Washa, tazama ekzosi. Moshi wa bluu unaoendelea maana yake injini inakula oili, na kinachofuata ni ringi za pistoni, pengine na silinda kubolewa. Moshi mweusi ni mafuta mengi, mara nyingi kabureta au eakilina (chujio la hewa) iliyoziba, na hilo ni dogo. Mvuke mweupe wa dakika mbili asubuhi ya baridi si ugonjwa.

Simamisha kwa stendi ya kati, mtu akandamize nyuma ili tairi la mbele liwe hewani. Zungusha usukani polepole kwa kidole. Ukikwama kidogo katikati, kama unaingia kwenye shimo, beringi za shingo zimekwisha. Kisha shika tairi la nyuma ulitikise kushoto na kulia. Likicheza, ama beringi ama busha za nyuma zinadai.

Nyuma kabisa ya sproketi kubwa, vuta cheni kwa vidole. Ukiweza kuiinua hadi nusu ya jino ikaonekana, seti nzima imekwisha. Meno yaliyolala kama mapezi ya papa yanasema hivyo hivyo.

Sasa chasisi. Tafuta mchanga au vumbi laini, mwambie aendeshe mbele yako moja kwa moja, kisha tazama alama za tairi. Pikipiki iliyonyooka huacha mstari mmoja, tairi la nyuma linafuta la mbele. Ukiona mistari miwili iliyopishana, hiyo ilishapata ajali au tairi la nyuma limefungwa upande. Jaribio hili alinifundisha fundi mmoja mzee, kwa bahati mbaya wiki mbili baada ya mimi kununua pikipiki yangu ya kwanza. Nilipomwonyesha, hakusema neno. Aliinua siti, akanionyesha mshono wa welding uliopakwa rangi nyeusi.

Mwisho, namba. Namba ya chasisi na ya injini zilizochongwa kwenye chuma zifanane na za kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Namba iliyokwaruzwa au kugongwa upya, ondoka tu, usibishane. Kagua kwenye mfumo wa polisi kama namba ya pikipiki ina faini zinazodaiwa, kwa sababu deni litakuja na chombo. Na siku mnayolipana ndiyo siku ya kuanza kubadilisha umiliki TRA (mamlaka ya mapato). Usikubali lile la "kadi utabadilisha baadaye kaka". Baadaye namba ya simu ya muuzaji haipatikani.

4. Karatasi

Leseni ya pikipiki ni daraja A. Angalia ndogo yake: A1 ni ya injini ndogo isiyozidi cc 125, kwa hiyo mwenye Boxer 150 anahitaji A kamili. Bima ya mtu wa tatu inamlipa uliyemgonga, pikipiki yako yenyewe haimo. Ukipewa karatasi ya bima, ihakiki kwenye mfumo wa TIRA (mamlaka ya bima) kwa simu yako hapo hapo ofisini kwa wakala. Picha za kadi, leseni na bima ziweke kwenye simu, na nakala moja ya karatasi chini ya siti ndani ya mfuko wa nailoni.

5. Pesa usiyoipeleka kwenye pikipiki

Kabla hujapatana bei, toa sehemu moja ya tano ya pesa zako uiweke pembeni. Hiyo ni ya helmeti mbili, glovu, viatu, koti la mvua na kufuli. Wengi humalizia pesa yote kwenye chombo, kisha wanaondoka dukani na lile kofia jepesi la bure.

Helmeti nzuri utaijua hivi. Ina nembo ya kiwango, kama ECE 22.05 au 22.06 iliyoshonwa kwenye mkanda wa kidevuni. Ndani, chini ya kitambaa, kuna povu gumu lenye unene wa vidole viwili hivi, maana hilo ndilo linalopondeka badala ya fuvu lako. Ivae, funga mkanda, shika kidevu cha helmeti ukizungushe: mashavu yako yaende nayo. Kisha inama, mwenzako aisukume kutoka kisogoni kuelekea mbele. Ikitoka, si saizi yako. Ikishapata ajali moja, hata kama nje haina mkwaruzo, kazi yake imekwisha. Na usinunue ya mkononi, hujui ilishaanguka mara ngapi.

Kioo chake kiwe cheupe. Vioo vyeusi vinapendeza saa sita mchana, ila saa moja jioni pale Kibo vinakufanya kipofu.

Viatu vifunike vifundo. Nimeona watu wenye helmeti ya maana wakiwa na ndala, na mguu ndio huanza kugusa lami. Glovu nyepesi za ngozi zinatosha, kwa sababu mtu akianguka hutanguliza viganja bila kufikiri. Koti la mvua liwe koti na suruali, si lile joho moja linalopepea hadi kunaswa na cheni. Rifleta iwe juu ya vyote.

6. Wiki mbili za kwanza

Injini mpya haitaki kukimbizwa wala kubembelezwa. Usikae kwenye mwendo mmoja muda mrefu, badilisha gia, ongeza na punguza, usiivute hadi mwisho. Oili ya kwanza imwage mapema, kati ya kilomita 500 na 750 kama vitabu vingi vinavyosema, kwa kuwa inabeba unga wa chuma wa vyuma vinavyozoeana.

Wakati huo jifunze breki, na hapa naomba unisikilize sana. Vijiweni utaambiwa breki ya mbele inapindua. Nimewahi kupanda bodaboda ambayo kebo ya breki ya mbele ilikuwa imefunguliwa kabisa, dereva akaniambia hiyo ni ya mapambo. Ukweli ni kwamba ukifunga breki, uzito mwingi unakimbilia mbele. Tairi la nyuma linakuwa jepesi, likibanwa linateleza tu, na nguvu kubwa ya kusimamisha iko mbele. Anayeanguka na breki ya mbele ni yule anayeikwapua ghafla, au anayeibana akiwa amekunja kona au yuko juu ya mchanga.

Tafuta uwanja mtupu Jumapili asubuhi. Endesha kilomita 30 kwa saa, nyooka, achia mafuta, gusa breki ya mbele kwa upole mpaka pua ya pikipiki ishuke, kisha ongeza nguvu kama unavyokamua ndimu. Nyuma fuatilia kidogo. Rudia mara ishirini. Panda hadi 40, kisha 50. Kwa kilomita 50 kwa saa unasafiri karibu mita 14 kila sekunde, kwa hiyo ule muda wa kushtuka tu umeshakula urefu wa basi. Kwenye mchanga na kokoto geuza hesabu: nyuma zaidi, mbele kidogo mno, na usikunje.

7. Kuishi na barabara ya mjini

Njia yangu ina jambo ambalo sikuliona mpaka mwezi wa tatu. Asubuhi kutoka Mbezi kwenda mjini unaelekea mashariki, jua liko machoni. Jioni unarudi magharibi, jua liko machoni tena. Ubaya wake hauko kwako pekee: dereva aliye nyuma yako naye anapigwa na jua hilo hilo, hakuoni. Tangu siku hiyo taa yangu kubwa inawaka mchana kutwa, na nikisimama kwenye foleni nabonyeza breki mara mbili tatu ili taa ya nyuma iwakewake. Nasimama pembeni kidogo ya gari la mbele, gia namba moja, nikiwa na pa kutokea, mpaka mtu wa nyuma yangu awe amesimama kabisa.

Njia ya mwendokasi usiiguse. Najua iko tupu na foleni inaudhi. Mabasi yale yanakwenda kasi, hayana pa kukukwepea, na polisi wanasubiri mwisho wa njia.

Daladala lina lugha yake. Usitazame indiketa, tazama tairi la mbele na konda. Konda akitoa mkono dirishani au akigonga bodi, gari linaingia kituoni sasa hivi, liwe liko njia ya kulia au ya kushoto. Likiwa limesimama usipite kushoto kwake, mlango uko huko. Lori refu likikunja kushoto huanza kwa kutanuka kulia, na nafasi inayoachwa pale kushoto ni mtego. Ukiwa huoni uso wa dereva kwenye saidi mira yake, yeye naye hakuoni.

Matuta yana rangi mchana, usiku hayana. Rasta, yale matuta madogo ya mfululizo, zipite ukiwa umenyooka, matako yameinuka kidogo kwenye siti, magoti yakifanya kazi ya shokapu. Reli inayokata barabara kwa mshazari, jipange uikate kama msalaba. Tairi la pikipiki likiingia kwenye mfereji wa reli linafuata reli, si wewe.

Mvua ya kwanza ya vuli ni mbaya kuliko mvua ya mwezi mzima wa masika. Miezi ya kiangazi lami imenyonya oili na dizeli, tone la kwanza linaviinua juu. Dakika 20 za mwanzo mimi husimama kwenye kituo cha mafuta nikanunua maji. Ukiona maji yamefunika barabara pale Jangwani, geuka. Huwezi kujua mfuniko wa chemba uko wapi.

Na foleni ikisimama kabisa? Napita katikati ya magari, siwezi kukudanganya. Lakini napita yakiwa yamesimama, kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka. Yakianza kwenda narudi kwenye njia yangu.

8. Dakika mbili kila asubuhi, saa moja kila mwezi

Asubuhi: finya tairi zote mbili, tazama chini kama kuna tone la oili, bonyeza breki zote, washa taa, pandisha cheni kwa kidole katikati ya sproketi mbili. Ipande na kushuka sentimita 2 hadi 3. Ikikazwa kama uzi wa gitaa inakula beringi, ikilegea inaruka meno. Mtu akiikalia hakikisha bado ina nafasi, kwa sababu uzito huibana zaidi. Cheni ya wazi ipake oili nzito kila wiki, jioni ukirudi ikiwa ya moto, ili oili izame usiku.

Upepo wa tairi fuata kitabu. Kwa pikipiki za daraja hili mara nyingi ni kama PSI 25 mbele na 28 nyuma ukiwa peke yako, na 32 au zaidi ukipakia. Ukinunua tairi, tafuta tarakimu nne ndani ya duara dogo ubavuni: 3222 ni wiki ya 32 ya mwaka 2022. Tairi lililokaa dukani miaka sita lina manyoya mazuri na mpira mgumu kama ubao.

Oili ndiyo roho ya vijipikipiki hivi, kwa sababu lita moja hivi hulainisha injini, gia na klachi kwa pamoja. Hapo ndipo oili ya gari inapoharibu: nyingi zina dawa ya kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano. Ikianza kuteleza, injini inalia na mwendo hauongezeki. Tafuta kopo lenye maandishi JASO MA au MA2, alama ya oili ya pikipiki. Mimi namwaga kila kilomita 1,500, yaani kila mwezi na nusu, na namwaga nikiwepo. Fundi mwema kabisa anaweza kukuwekea ya kopo lililofunguliwa jana.

Eakilina ifunguliwe kila mwezi kama unapita vumbi. Ya sponji huoshwa, hukaushwa, hupakwa oili kidogo. Ya karatasi hupigwa upepo kutoka ndani kwenda nje, na ikichakaa hubadilishwa. Kila kilomita 3,000 hivi valvu zikaguliwe nafasi zake injini ikiwa baridi. Pale car wash, kijana asielekeze lile bomba la presha kwenye beringi za tairi, kwenye shingo wala kwenye kabureta.

Wizi: kufuli la cheni nene lipite kwenye rimu na kwenye nguzo, usifunge tairi peke yake. Swichi ya siri ya kukata moto haigharimu sana na fundi umeme huifunga kwa nusu saa. Asijue mtu ilipo, hata shemeji.

9. Safari ndefu kwa pikipiki ndogo

Sasa Iringa. Injini ya cc 150 inafika, swali ni mwili wako. Panga kwa saa za kukaa juu ya siti, usipange kwa kilomita. Saa sita za kuendesha kwa siku zinanitosha, na kwa mwendo wa 65 hadi 75, ukitoa foleni, vijiji na mapumziko, hiyo ni kama kilomita 300. Kwa hiyo Iringa ni siku mbili, na ya kwanza nalala Mikumi mjini. Watakaokuambia wanafika siku moja wanasema kweli. Waulize waliuona vipi mlima wa Kitonga.

Wiki moja kabla, fundi aangalie tairi, cheni, breki, beringi na oili, kisha endesha na matengenezo hayo siku tano za kazini. Usitoke gereji ukaingia safarini moja kwa moja, maana nati iliyosahaulika hujionyesha ndani ya siku mbili.

Mzigo uwe chini na katikati: begi mbili za pembeni zikining'inia sawasawa, kizito karibu na siti, chepesi kwenye keria. Funga kwa kamba za mpira za tyubu, kisha vuta kwa nguvu, kisha funga tena. Hakuna mkia wa kamba unaoning'inia karibu na cheni. Vifaa vyangu ni hivi: spana za saizi za pikipiki yangu (nilizijua kwa kufungua kila nati nyumbani), tyubu mbili, moja ya kila tairi, vyuma vya kutolea tairi, pampu ya mkono, plagi, kebo ya klachi, kiungo cha cheni, waya, gundi ya chuma na tochi ya kichwani. Kama hujawahi kubadilisha tyubu mwenyewe, fanya hivyo uani kwako Jumamosi moja. Utatukana, utatoboa tyubu moja mpya, na utakuwa umejifunza.

Toka kunapopambazuka, kabla ya foleni ya Kibaha. Usitoke usiku. Lori bovu lililosimama bila taa, na majani mawili tu ya mti yakiwa alama yake, halionekani mpaka umelifikia. Barabara ya Morogoro inabeba malori ya Zambia na Kongo, na yakipishana na wewe kwa kasi upepo wake hukusukuma nje kisha hukuvuta ndani. Legeza viwiko, bana tenki kwa magoti, usishindane nao. Mabasi ya mikoani yanayokuja mbele yakiwa yamepita gari jingine hayatakurudishia njia yako, kwa hiyo ujue muda wote bega la barabara likoje upande wako. Kila kilomita 80 hadi 100 simama, shuka, tembea, kunywa maji. Jaza mafuta tenki likiwa nusu. Boxer yangu ina tenki la lita 11 na inakwenda karibu kilomita 45 kwa lita, lakini vituo vya vijijini hukauka.

Kwenye vijiji ni 50, na tochi ya trafiki huwa nyuma ya mti wa pili. Faini ya pikipiki ilishushwa hadi shilingi 10,000 mwaka 2021, ila 50 ile iliwekwa kwa ajili ya watoto wanaovuka.

Hifadhi ya Mikumi barabara inaikata kwa kama kilomita 50. Wenye magari wanasoma vibao vya faini za kugonga wanyama. Wewe kwenye pikipiki huna bodi ya kukukinga na nyati. Pita kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi alasiri, taa ikiwaka, mwendo wa wastani. Usisimame kupiga picha. Ukiona tembo karibu na barabara, simama mbali, subiri lori, pita upande wake wa pili.

Baada ya Mikumi joto linapanda, unafika Ruaha Mbuyuni penye marundo ya vitunguu, na hapo ndipo pa kupumzika na kunywa maji ya kutosha. Kitonga iko mbele. Kupanda, shusha gia mapema, namba mbili, uiache injini izunguke badala ya kuilazimisha na gia kubwa. Nyuma ya lori linalopanda acha nafasi, kwani huweza kurudi nyuma kidogo likibadilisha gia. Kurudi, wakati wa kushuka, tumia gia ile ile uliyopandia. Injini ishike uzito, breki uziguseguse kwa vipindi, maana breki za shuu zikipata moto hupoteza nguvu bila kuaga. Kuweka nyutro ili kuokoa mafuta pale ni kucheza na roho.

Juu ya Kitonga hewa inabadilika. Ilula unaanza kutafuta sweta, na Iringa mjini uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Pikipiki ya kabureta iliyowekwa sawa Dar itaonekana nzito huko, itatoa moshi mweusi kidogo na plagi itaingia masizi. Hewa ni nyepesi, mafuta ni yale yale. Usikimbilie kwa fundi akakubadilishia jeti (kitundu kinachopima mafuta kwenye kabureta) kwa ajili ya siku nne, ukirudi pwani utakuwa na injini inayokosa mafuta na kupata moto. Vumilia, beba plagi ya pili.

Asubuhi ya kwanza nyumbani, kwenye ule ukungu wa Juni au Julai, vuta choki, piga kiki mara tatu swichi ikiwa imezimwa, kisha washa. Iache dakika mbili ingurume wakati mama anachemsha chai. Kisha chukua spana uzungukie nati zote, kuanzia za keria, kaza cheni ambayo kwa kilomita 500 itakuwa imelegea, na kagua spoku kwa kuzigonga moja moja. Inayolia tofauti na wenzake imelegea.